Kwanini stesheni ya treni za chini London inafungwa geti jioni wakati treni zinapita kila dakika mbili?

Mgeni wa Jiji

Wakuu habari za jioni. Nina miezi minne London, nimepata kazi kwenye duka moja nyuma ya Oxford Street na nakaa Walthamstow kwa binamu yangu. Natoka kazini saa 11 jioni kamili. Sasa wiki hii Jumanne, Jumatano na Alhamisi, zote tatu, nimefika Oxford Circus nakuta yale mageti ya chuma ya juu kwenye ngazi yamevutwa, nyomi imejaa kwenye kona zote nne za njia panda mpaka watu wanamwagikia barabarani, na kuna jamaa kashika kipaza sauti anasema subirini dakika chache. Unasimama weee, geti linafunguliwa, watu wanaingia kama maji ya bomba lililopasuka, halafu linafungwa tena na wewe bado uko nje.

Swali langu ni hili. Treni za laini ya Victoria zinakuja kila baada ya dakika mbili au chini ya hapo, nimehesabu kwa saa yangu mwenyewe, na huko chini kuna laini tatu siyo moja. Kama watu ni wengi si waongeze treni? Yaani wewe una duka, wateja wamejaa, unafunga mlango? Binamu yangu ana miaka 11 hapa nikimuuliza ananijibu tu "ndio London hiyo" na kuendelea kula.

Halafu cha pili, nimesoma kwamba stesheni yenye abiria wengi kuliko zote ni King's Cross. Mbona kule napita na sijawahi kukuta wamefunga? Anayeelewa hii kitu anieleweshe taratibu.

Tozi wa Tandale

Huku kwetu nyomi inasubiria ndani, huko inasubiria nje. Tofauti ni baridi tu mkuu 😂

Kondakta Mstaafu

Mgeni, karibu. Mimi siyo kondakta kweli, jina tu, ila kazi ya kusimama kwenye geti na kwenye platfomu nimeifanya hapa London miaka sita kwahiyo acha nikuelezee kwa upande wa yule jamaa mwenye kipaza sauti.

Kwanza toa kichwani hili wazo la kwamba tatizo ni treni. Victoria saa za watu kutoka kazini ina treni 36 kwa saa, kuanzia 2017. Gawanya mwenyewe, ni treni moja kila sekunde 100. Hapo ndani ya sekunde 100 treni iingie, isimame, milango ifunguke, watu washuke, wengine wapande, mmoja abanwe begi, milango ifunguke tena, ifungwe, treni iondoke, na iliyo nyuma yake tayari inapumua shingoni kwenye handaki. Ukitaka uongeze ya 37 utaiweka wapi? Na kila stesheni ikichelewesha sekunde kumi tu kwasababu watu wanasukumana mlangoni, laini nzima mpaka Brixton, mwisho wa laini huko kusini, inaanza kukusanyika kama foleni ya daladala kwenye taa. Kwahiyo platfomu ikijaa kupita kiasi haisaidii kubeba watu wengi, inafanya wabebwe wachache. Hili watu wengi hawaliamini mpaka walione.

Cha pili ndio kikubwa zaidi, eskaleta, zile ngazi za umeme. Eskaleta haijui kama kule chini kumejaa. Yenyewe inamwaga watu tu, kila sekunde mmoja, wawili. Platfomu ikishajaa mpaka ukutani na eskaleta bado inashusha, wale wa mbele hawana pa kwenda na wa nyuma wanaletwa na mashine hata kama hawataki kusogea. Ukishaona hiyo hali mara moja hutasahau. Mbele yako kuna ukingo, na chini ya ukingo kuna reli yenye umeme. Ndio maana tunazuia juu kabisa barabarani, siyo kwenye eskaleta wala siyo kwenye korido. Juu kuna hewa, kuna nafasi, mtu akichoka anaondoka zake anatembea. Huko chini mtu akizirai katikati ya nyomi hata kumfikia ni kazi.

Sasa kwanini dakika chache halafu inafunguliwa. Kuna mwenzetu chumba cha kamera anaangalia platfomu zote. Treni mbili tatu zikizoa watu, anasema fungua, tunaingiza mkupuo mmoja, tunafunga. Ni kama kumimina chai kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, ukimimina yote kwa mpigo inamwagika.

Na hizo siku zako tatu siyo bahati mbaya. Baada ya korona maofisi mengi watu wanaingia Jumanne mpaka Alhamisi, Jumatatu na Ijumaa wanafanyia kazi nyumbani. Wamejaribu hata kushusha nauli ya Ijumaa, kuanzia Machi mpaka mwisho wa Mei 2024 Ijumaa nzima ilikuwa nauli ya nafuu, watu hawakushtuka sana, wakaachana nayo. Mtu akishazoea Ijumaa ya kukaa na kikombe chake nyumbani humtoi kwa senti.

Takwimu Kidogo

Naongezea hapo kwenye swali la King's Cross maana hapo watu wengi wanadanganywa na namba.

Zile namba za "stesheni yenye abiria wengi" zinatokana na mageti. Unagusa kadi kuingia, unagusa kutoka, unahesabiwa. Mwaka 2019 kabla ya korona King's Cross St Pancras ilikuwa kama milioni 88 kwa mwaka, wanaoingia na wanaotoka kwa pamoja. Oxford Circus ilikuwa kama milioni 78. Ukisoma hivyo utasema basi King's Cross ndio ilitakiwa ifungwe.

Lakini mtu anayebadilisha treni hapiti getini. Oxford Circus laini ya Victoria na ile ya kahawia, Bakerloo, platfomu zake zinatazamana, mtu anashuka huku anavuka hatua kumi anapanda kule na hakuna geti lililomuona. Wa laini nyekundu, Central, wao wanapanda na kushuka eskaleta na korido za ndani. Hao wote hawamo kwenye ile milioni 78, lakini miguu yao ipo na inakanyaga sakafu ileile unayotaka kuikanyaga wewe. Kwahiyo wewe pale juu unagombania nafasi na watu ambao hata huwaoni.

Halafu King's Cross ni kubwa. Laini sita zinakutana pale, lakini walishapanua sana, ule ukumbi wa kaskazini ulifunguliwa 2009, korido ni ndefu mpaka unahisi umetembea kwenda King's Cross ya pili. Watu wanalalamika kutembea, kumbe ule urefu ndio unawatawanya. Oxford Circus ni kama chumba na sebule kinachokaa familia tano.

Kwa upande wa pili wa orodha kuna Roding Valley huko kwenye kitanzi cha Central, mwaka mzima haifikishi hata milioni moja. Nilishawahi kushuka pale mchana nikabaki mimi na kunguru.

Msee wa Bronx

Niko New York na nawashangaa wa London mnavyobishana kuhusu wanaotoka. Huku kwetu unalipa ukiingia tu, ukitoka unasukuma geti unaenda zako, hakuna kadi. Kwahivyo stesheni ikihesabiwa ni wanaoingia pekee, Times Square ndiyo inaongoza, lakini ni wapi ulishukia hakuna mashine imekuona, wanakisia tu kutokana na pale utaingilia tena baadaye. Stesheni 472 na treni usiku kucha, hatufungi masaa ya kulala kama nyinyi. Sasa mkianza kulinganisha London na New York na Tokyo muulize kwanza mmehesabu nini. Shinjuku ya Tokyo wanasema zaidi ya milioni 3 kwa siku kabla ya korona, kwa siku sio kwa mwaka, lakini hapo ni reli za kampuni kadhaa zimejumlishwa pamoja na wale wa kubadilisha treni, na milango ya kutokea inapita 200. Ni mji mzima huo, sio stesheni.

Tozi wa Tandale

Milango 200? Mtu akikwambia "nakusubiri mlangoni" mmeshaachana hapo.

Dada wa Leicester

Samahani naingilia. Kondakta umesema eskaleta ndio tatizo, sasa mbona hapo hapo London mnalazimisha watu wasimame kulia na upande wa kushoto uachwe wazi kwa wanaotembea? Nimepita Holborn, ile eskaleta ndefu, upande wa kushoto mtupu kabisa watu wawili ndio wanapanda kwa miguu, na chini foleni imefika kwenye platfomu. Si nusu ya eskaleta inaenda bure?

Kondakta Mstaafu

Dada umegusa penyewe na umeitaja stesheni yenyewe. Mwishoni mwa 2015 walijaribu hapo hapo Holborn, wiki tatu, saa za asubuhi watu wasimame pande zote mbili. Wakapitisha karibu asilimia 30 ya watu zaidi kwa eskaleta ileile. Wakarudia tena 2016 kwa miezi. Hesabu iko wazi, eskaleta ikiwa ndefu wachache sana wana nguvu ya kuipanda kwa miguu, kwahiyo ule upande unakaa mtupu kumngoja mtu mmoja mwenye haraka.

Basi bwana, watu wa London walinuna. Kuna walioona wamenyang'anywa haki ya kuzaliwa. Mtu hawezi kukusalimia asubuhi lakini simama upande wa kushoto uone atakavyokusemesha. Majaribio yalipoisha wakarudi kulekule kusimama kulia. Mimi binafsi kwenye geti nilikuwa nawaambia wageni, simama popote kukiwa kumejaa, na bosi wangu hakuwahi kunikataza.

Mgeni wa Jiji

Aisee nimeelewa zaidi ya nilivyotegemea, shukrani sana wakuu. Kumbe yule jamaa wa kipaza sauti nilikuwa namlaani bure. Lakini bado nauliza, kama stesheni ndio ndogo kwanini wasiipanue kama walivyopanua King's Cross? Hela si wanazo hawa?

Takwimu Kidogo

Hela hazitoshi hata kwao. Chukua stesheni ya Bank, pale katikati ya mabenki. Walichimba handaki jipya la laini ya Northern kuelekea kusini, lile la zamani wakaligeuza kuwa sehemu ya watu kutembea, wakaweka eskaleta mpya na mlango mpya wa Cannon Street. Uwezo wa stesheni ukapanda kama asilimia 40. Bei yake ilikuwa kama pauni milioni 700, na kipande cha ule mkono wa Northern kilifungwa wiki 17 mwanzoni mwa 2022. Hiyo ni stesheni moja tu kati ya 272.

Kondakta Mstaafu

Na Oxford Circus ugumu wake ni pale ilipo. Laini ya kwanza pale, Central, ni ya mwaka 1900, Bakerloo 1906, watu wa wakati ule walichimba wakifikiria abiria wa kofia ndefu na fimbo. Juu yake ni maduka ya gharama, katikati kuna mabomba ya maji machafu na nyaya, chini kuna mahandaki yanayopitana.

Walipokuwa wanaleta Victoria walilazimika kujenga ukumbi mpya wa tiketi chini ya njia panda. Utafungaje njia panda ya Oxford Street? Wakafanya hivi, wikiendi ya sikukuu ya mwezi wa 8 mwaka 1963 wakatandika daraja la chuma juu ya njia panda nzima, wazee wa pale waliliita mwavuli, mabasi na teksi zikawa zinapanda kilima kidogo na kushuka upande wa pili, na chini yake watu wanachimba. Likakaa mpaka 1968. Miaka mitano! Treni za Victoria zikaanza kupita pale Machi 1969. Na ukumbi huo wa duara unaoushuka kila siku ndio huo waliouchimba chini ya mwavuli. Leo mwambie mwenye duka la pale kwamba unataka kuweka kilima cha chuma mbele ya mlango wake miaka mitano uone wanasheria watakavyotoka.

Walichofanya badala yake ni kupeleka watu pembeni. Laini ya Elizabeth, ile ya zambarau, ilifunguliwa Mei 2022, na treni zake zina urefu wa mita 200 zinabeba mpaka watu 1,500. Haisimami Oxford Circus kabisa. Watu walishangaa, eti mnajengaje reli ya mabilioni inaruka mtaa wenye maduka kuliko yote? Wameiruka makusudi, maana ingesimama pale ingeimaliza stesheni siku ya kwanza. Ikawekwa Bond Street upande mmoja na Tottenham Court Road upande mwingine.

Mama Pwani

Mwanangu Mgeni, hawa wamekupa darasa zuri lakini hakuna aliyekwambia utafikaje nyumbani. Mimi nimekaa Walthamstow miaka mingi na watoto wangu wamesomea huko.

Ukitoka kazini usiende Oxford Circus kabisa. Nenda Hanover Square, ni hapo nyuma tu, dakika tano kwa miguu. Pale kuna mlango wa Bond Street ya laini ya Elizabeth, wengi hawaujui wanadhani Bond Street ni kule mbali. Panda kwenda mashariki, shuka Liverpool Street. Panda juu mpaka stesheni ya treni kubwa, tafuta treni ya Chingford, siku hizi wanaiita laini ya Weaver. Treni inaanzia pale pale kwahiyo ukiwahi unapata kiti. Inasimama Walthamstow Central, hapo hapo unaposhukia siku zote. Kwa hesabu yangu utachelewa dakika kumi kuliko Victoria ikiwa nyeupe, lakini Victoria saa 11 jioni ikiwa nyeupe wapi?

Na ukikuta mashine ndogo ya kadi ya rangi ya waridi usiipuuze, hizo zinajua kwamba hukupita katikati ya mji, nauli inashuka. Kwa njia yako hii haikuhusu kwasababu unaanzia katikati, ila siku ukienda kwa shangazi yako huko magharibi ikumbuke.

Na hiyo kazi wakuongezee mshahara.

Dada wa Leicester

Mama umemaliza yote 🙌

Kijana wa Ubungo

Swali la mtu ambaye hajawahi kupanda: hivi huko chini kuna mtandao wa simu? Na joto likoje?

Msee wa Bronx

Platform za huku joto la July ni tanuri, ndani ya treni ni friji. Mwili haujui uvae nini.

Kondakta Mstaafu

Huku mtandao umeshafika mahandaki mengi, siyo yote. Joto usiulize, zile laini za chini sana treni hazina AC, handaki ni jembamba na udongo umenyonya joto la miaka mia. Central mwezi wa 7 unatoka umeshapikwa. Elizabeth ina AC, sababu nyingine ya kumsikiliza Mama Pwani.

Mgeni wa Jiji

Narudisha mrejesho wakuu. Leo Jumatano nimefuata maelekezo ya Mama Pwani neno kwa neno. Hanover Square dakika nne, mlango upo kweli na nilikuwa napita pembeni yake kila siku nikidhani ni ofisi. Chini huko ni pakubwa mpaka sauti inarudi, nimesimama kwa raha mikono haijagusana na mtu. Liverpool Street nimepata kiti, kiti cha dirishani, mara ya kwanza toka nimefika nchi hii kukaa kwenye treni saa 11 na nusu jioni.

Tatizo likawa kiti chenyewe. Joto zuri, treni inatikisika taratibu, mimi nimesimama dukani toka asubuhi. Nimekuja kuamshwa na mama mmoja wa Kizungu ananiambia mwisho wa safari. Nimeangalia nje naona miti. Niko Chingford.

Mama Pwani

Ukishatoka Walthamstow ni Wood Street, Highams Park, halafu Chingford. Umelala stesheni tatu mwanangu. Panda hiyohiyo inarudi.

Tozi wa Tandale

Hiyo miti ni msitu wa Epping mkuu, ukiona swala mpige picha utuwekee hapa.

Mgeni wa Jiji

Simu ina asilimia 3. Inaondoka baada ya dakika 9, nimesimama mlangoni kabisa, sikai tena.